Tulitoa Bahari na Jina

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la chuma lililosimikwa baharini katika ghuba ya Ungwana, pale Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, nao waliliita San Marco. Mzigo ulikuwa wa Wamarekani: setilaiti ya kilo 140 hivi, yenye vifaa vya kuhesabu miale ya eksrei inayotoka angani. Kwenye makaratasi ya NASA ilikuwa Explorer 42. Kwa heshima ya siku ile na nchi ile, ikaitwa Uhuru. Meneja wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, jambo ambalo mwaka 1970 halikuwa la kila siku.

Ukienda Malindi utapata watu wanaoijua hadithi hii, angalau sehemu ya roketi. Mimi sehemu inayonikosesha usingizi ni ile inayofuata moshi ukishatawanyika. Zile hesabu zilizokusanywa huko juu zilienda wapi? Nani alizipokea, na kwa njia gani?

Nauliza kwa sababu ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba. Nahamisha data. Niko kwenye taasisi moja ya utafiti hapa Nairobi, na kila wiki kuna rundo la faili ambalo lazima litoke seva moja liende seva nyingine, mara nyingi ng'ambo. Watu hudhani ni kubonyeza na kungoja. Kwa picha za harusi, ndiyo. Kwa terabaiti 10, hapana, na historia ya hiyo "hapana" ni ndefu kuliko nilivyofundishwa chuoni.

Turudi kwanza kwa Uhuru. Kabla yake, wanaastronomia wa eksrei walikuwa wanarusha roketi zinazopanda, zinachungulia anga kwa dakika chache, halafu zinaanguka. Setilaiti ingeweza kutazama usiku na mchana. Walichagua pwani yetu kwa sababu za kibahili na za kisayansi: kwenye ikweta dunia yenyewe inakupa msukumo wa bure inapozunguka, na mzingo wa ikweta unaliepuka eneo la mnururisho mkali lililo juu ya Atlantiki ya Kusini, ambalo lingevichanganya vipimo. Hadi inanyamaza mwezi Machi 1973, Uhuru ilikuwa imetupatia vyanzo 339 vya eksrei. Kimoja chao, Cygnus X-1, kilikuwa kinametameta kwa kasi ya ajabu, chini ya sekunde, na hapo ndipo wengi walipoanza kusema kwa sauti kwamba huenda lile ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kikosi cha wanasayansi, alipata Nobel mwaka 2002.

Sasa, zile hesabu. Zilishuka kwa mawimbi ya redio hadi vituo vya ardhini, zikaishia Cambridge, Massachusetts, kwenye kampuni ya American Science and Engineering alikokuwa Giacconi na wenzake. Huko ndiko zilikochambuliwa na ndiko orodha ilikoandikwa. Sisi tulitoa bahari na jina.

Mwaka huohuo wa 1970, tufahamu, Kenya ilifungua kituo cha setilaiti cha Longonot, pale Bonde la Ufa, cha kupokea simu na televisheni kutoka nje. Sahani kubwa ikiangalia juu. Na miezi 4 baada ya Uhuru kuruka, Aprili 1971, kijana mmoja Mhindi aliyekuwa MIT, Abhay Bhushan, aliandika waraka wa kupendekeza jinsi kompyuta mbili zinavyoweza kuombana faili kupitia waya. Ndio mwanzo wa FTP. Kwa hiyo MIT, mtaa mmoja tu na ofisi za Giacconi ukipenda kusema hivyo kwa lugha ya Nairobi, watu walikuwa wanafikiria jinsi faili inavyoweza kusafiri bila mtu wa kuibeba. Mji wao uleule ulikuwa unapokea matokeo ya roketi ya Ngomeni.

Waya ulikuwa na shida zake. Oktoba 1986, mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, majengo yaliyoachana kwa chini ya mita 400, yalianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Arobaini! Ungeweza kutembea ukapeleka barua na kurudi. Kila kompyuta ilikuwa inatuma upya vitu vilivyochelewa, na kule kutuma upya kukazidisha msongamano, kama Thika Road kila mtu akiamua kuoverlap. Van Jacobson, aliyekuwa kwenye maabara hiyo, alitoa dawa mwaka 1988: kompyuta ianze polepole, isikilize, na ikiona kuna vurugu ijizuie. Adabu ya barabarani, basi. Intaneti yote bado inaishi kwa adabu hiyo.

Lakini kuna sheria nyingine ndani ya utaratibu ule wa zamani ambayo kwetu ilikuwa na makali zaidi, na hapa naomba univumilie na hesabu kidogo. Seva inayotuma haiwezi kumwaga data bila kukoma. Inatuma kiasi fulani, halafu inangoja yule wa upande wa pili aseme "nimepata". Kiasi hicho, kwa muundo wa awali, hakikuzidi kilobaiti 64. Kama seva ziko jengo moja, jibu linarudi kufumba na kufumbua, hakuna neno. Sasa weka seva moja Nairobi na nyingine London. Tuseme kwenda na kurudi ni milisekunde 150. Gawanya: unapata kilobaiti 437 kwa sekunde. Basi. Hata ukinunua kebo nene kama shina la mbuyu, uhamisho mmoja hauvuki hapo, kwa sababu muda mwingi seva imekaa tu inangoja salamu irudi. Terabaiti 10 kwa mwendo huo ni siku 265.

Mwaka 1992 ilikubaliwa njia ya kuongeza kiasi hicho, na baadaye watafiti wakazoea kufungua njia nyingi kwa mpigo ili moja ikingoja nyingine zisonge. Ila mipangilio hiyo lazima iwekwe sawa pande zote mbili, na nimeshakutana na seva, sitasema za nani, ambazo miaka yote hiyo baadaye zilikuwa bado zinangoja salamu kwa mtindo wa kale. Anayelaumiwa siku zote ni "intaneti ya Afrika". Unaandika barua pepe ya heshima, unaeleza kwamba tatizo liko kwenye kompyuta yao. Unajibiwa baada ya wiki. Umbali wenyewe una bei, na anayelipa ni yule aliye mbali na mahali data inakoenda.

Kebo zenyewe tulizipata juzi. Hadi mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya nje, na setilaiti iliyotulia juu ya ikweta iko kilomita karibu 36,000 juu. Kila salamu inapanda na kushuka umbali huo, kwenda na kurudi. Juni 2009 kebo ya TEAMS ikafika Mombasa kutoka Fujairah. Julai, SEACOM ikawashwa. Nilikuwa shule ya msingi, na nakumbuka tu kwamba watu wazima walikuwa wanalitamka neno "faiba" kama mtu anavyotaja mvua baada ya kiangazi.

Miezi miwili baadaye, Septemba 2009, Afrika Kusini kulifanyika kichekesho ambacho mimi nakichukulia kwa uzito kabisa. Kampuni moja iliyochoshwa na mwendo wa mtandao wake ilimfunga njiwa aitwaye Winston kadi ya kumbukumbu yenye gigabaiti 4, ikamwachilia aruke kutoka Howick hadi karibu na Durban. Wakati huohuo wakaanza kutuma data ileile kwa intaneti. Winston aliruka kwa saa 1 na dakika 8. Ukijumlisha muda wa kunakili kutoka kwenye kadi, kazi ilikuwa imekwisha kwa saa 2 na dakika kama 7. Intaneti ilikuwa imefikisha asilimia 4.

Sisi hatuna njiwa. Tuna shuttle. Wenzetu walioko Siaya walikuwa wanakusanya picha za eksrei za vifua, maelfu kwa maelfu, na mtandao wa kule ulikuwa wa kubahatisha. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi diski ilipanda gari la asubuhi, imefungwa kwa nywila ndefu kama sala, nami naenda kuipokea steji, town.

"Madam, ndani kuna nini?" aliniuliza siku moja kijana wa kaunta, akiitingisha karibu na sikio.

"Tafadhali usiitingishe. Ni diski ya kompyuta."

"Ya sinema?"

"Ya hospitali."

Akaiweka chini taratibu, kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga. "Pole. Basi mngeandika. Hapa tunaandika hata mayai."

Tangu hapo tukawa tunaandika MAYAI kwenye bahasha. Haijawahi kuvunjika hata moja.

Usidhani ni umaskini. Ile picha ya kwanza ya shimo jeusi, ya rangi ya machungwa, iliyotangazwa tarehe 10 Aprili 2019 na ambayo kila mtu aliiweka status, ilitengenezwa kwa njia ya shuttle. Aprili 2017 darubini 8 za redio katika maeneo 6, Hawaii, Arizona, Meksiko, Chile, Uhispania na Ncha ya Kusini, zilifanya kazi kwa pamoja, na zote isipokuwa ile ya Ncha ya Kusini zikaelekezwa kwenye galaksi ya M87 kwa wakati mmoja, kila eneo likiwa na saa ya atomiki ya kulinganisha. Data iliingia kwa gigabiti 32 kila sekunde. Mwishowe kulikuwa na petabaiti 5 hivi, yaani diski zenye uzito wa nusu tani. Kwa laini ya gigabiti 1 kwa sekunde isiyokatika hata mara moja, petabaiti 5 zinahitaji siku 460 na ushee. Hakuna aliyejaribu. Walizipakia kwenye ndege. Diski zenyewe zilikuwa za aina iliyozibwa na kujazwa heli, maana milimani hewa ni nyepesi mno na diski za kawaida zinakufa.

Za Ncha ya Kusini zilikwama. Kule wakati wa baridi ndege hazitui kwa miezi, kwa hiyo sayansi yote ikakaa ikingoja jua. Zilifika Desemba 2017. Nusu ya data ilienda Bonn, Ujerumani, na nusu Haystack, kituo cha MIT kilichoko Westford. Ukiitafuta Westford kwenye ramani utaikuta Massachusetts, mwendo wa gari tu kutoka kule hesabu za Uhuru zilikoishia miaka 46 nyuma. Hakuna njama hapo. Ukishajenga mahali pa kupokelea, kila kitu kinajifunza njia ya kuja kwako.

Ndiyo maana programu ninayoipenda kuliko zote haikutoka Massachusetts. Ilitoka Canberra, kwa watu waliokuwa mwisho wa waya mwembamba kama sisi. Mwaka 1996, Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walitoa rsync. Walikuwa wanawazia laini za polepole na za mbali, na wakajiuliza swali la mtu asiye na bundles: kwa nini nitume kitu ambacho mwenzangu tayari anacho?

Shida ni kujua anacho bila kukiona. Walivyolitatua ni hivi. Seva inayopokea, yenye nakala ya zamani, inaikata faili yake vipande, inapigia kila kipande hesabu mbili, moja ya haraka na nyingine ya uangalifu, kisha inatuma orodha ya hesabu hizo, ambayo ni ndogo. Seva inayotuma inateleza juu ya faili mpya, baiti kwa baiti, ikitafuta mahali hesabu zinapolingana. Ikipata, inasema: hicho unacho, kitoe mahali fulani. Kisichopatikana tu ndicho kinachosafiri. Faili ya gigabaiti 50 iliyoongezwa mistari michache inaweza kuvuka bahari kwa dakika. Stima ikipotea katikati, na hapa kwetu si swali la kama, unaanzia ulipofika ukiwa umeiagiza ihifadhi kilichokwisha kuingia.

Baada ya kufika kuna kukagua. Kila faili hupigiwa cheksamu, hesabu inayotoa mfuatano wa herufi na tarakimu, kama alama ya kidole. Ukibadilisha biti moja, alama yote inageuka. Napiga hesabu Nairobi, mwenzangu anapiga kwake, tunalinganisha. Zikifanana, vitu hivyo viwili ni kimoja. Hakuna asili na nakala tena. Hapo ndipo penye mwiba wa kazi hii.

Mwaka 2019 chuo kikuu kimoja cha Afrika Kusini kiliitaka taasisi moja ya Uingereza irudishe sampuli za DNA za Waafrika, kwa hofu kwamba zingetumika kibiashara kinyume cha makubaliano. Taasisi ilikana kufanya kosa. Siingilii nani alikuwa sahihi. Ninachokitazama ni lile neno kurudisha. Kichupa cha damu kinarudi: kilikuwa kule, sasa kiko huku. Jenomu iliyokwisha kusomwa na kuwa faili hairudi. Ukimwambia mtu akurudishie data, anakutumia nakala nyingine, alama ya kidole ileile, na yake amebaki nayo.

Kwa hiyo mambo yote yanaamuliwa kabla ya kubonyeza. H3Africa, mradi mkubwa wa jenomu uliofadhiliwa na Marekani na Wellcome ya Uingereza pamoja na wanajenetiki wa Afrika, ulilielewa hili mapema. Mwaka 2020 watafiti wake walichapisha uchambuzi wa jenomu za watu 426 kutoka jamii 50, na kupata tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeelezwa kokote. Jenomu moja iliyosomwa kwa kina ni kama gigabaiti 100 ghafi. Data ya mradi ilipitia kwanza kwenye hifadhi iliyoko Chuo Kikuu cha Cape Town, ikapangwa na kukaguliwa huko, ndipo ikaenda kwenye hifadhi ya Ulaya. Watafiti wa huku wakapewa muda wa kuifanyia kazi kabla ya wengine kuikimbilia. Kituo kimoja tu cha kupumzikia njiani, ungesema. Lakini ni pale Cape Town ambapo wanafunzi walijifunza kuisoma.

Sisi nasi tangu Novemba 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, yenye sehemu nzima kuhusu kupeleka data za watu nje ya nchi. Imenibadilishia kazi. Zamani niliulizwa, "Itachukua siku ngapi?" Siku hizi nauliza mimi kwanza: inaenda kwa nani, kwa ruhusa ipi, huko itakaa muda gani, na nani wa hapa ataweza kuifungua? Wengine wananiona msumbufu. Profesa mmoja, mzee wa heshima, aliniambia, "Binti yangu, wewe ni dereva, kwa nini unauliza mzigo?" Nikamwambia, kwa heshima zote mzee, dereva akishikwa na polisi ndiye anayeulizwa mzigo.

Alicheka. Fomu aliijaza, ilimchukua wiki tatu, na kwenye nafasi ya "mchambuzi aliyeko Kenya" aliandika majina mawili ya wanafunzi wake wa uzamili. Kabla ya hapo nafasi hiyo ilikuwa na kistari.

Orodha ya Uhuru, ile ya vyanzo 339, ipo wazi kwenye hifadhi ya NASA. Niliishusha jioni moja kwenye simu, nimekaa kwenye matatu pale Khoja tukingoja ijae. Ni faili ndogo kiasi cha kuchekesha. Ilikuwa imefika kabla kondakta hajamaliza kuita abiria. Kila mstari unaanza na 4U: nne kwa sababu ni toleo la 4 la orodha, U kwa Uhuru. Wanaastronomia wa Japani na wa Chile hadi leo wanaiandika U hiyo bila kujua ni siku gani ya mwezi wa 12. Nikatafuta M87, ile ya picha ya machungwa, ya nusu tani za diski. Kumbe Uhuru ilikuwa imeshaiona, kwenye kundi la galaksi la Virgo: saa 12 na dakika 28, nyuzi 12 kaskazini mwa ikweta ya anga. 4U 1228+12. Nikaihifadhi kwenye seva ya ofisi kesho yake, na nikaipigia cheksamu.